Watoto wa Konde la Lisheen

Jumanne moja ya mwezi Machi mwaka 1998, Euphrasia alifungua mlango wa nyuma wa nyumba ya Bibi Nora Devaney kule Rockville, akavua koti, akabandika birika jikoni, kisha akainama kuokota kijiko kilichomponyoka. Chini ya meza alikuta mtoto mchanga. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kipande cha gunia, na mwili wake wote ulikuwa umepakaa udongo mweusi, udongo mzito wa kinamasi ambao Maryland nzima haupatikani. Hakuwa akilia. Euphrasia alizima jiko, akajaza sinki maji ya uvuguvugu, akamwogesha. Ilibidi abadilishe maji zaidi ya mara moja. Alipomaliza alimfunika kwa taulo, akampeleka chumbani pamoja na chai ya asubuhi.

Bibi Nora alikuwa ameshaamka, ameegemea mito yake. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na kitu, nyonga yake moja ilikuwa ya chuma, lakini akili zake zilikuwa zinakata kama wembe. Alimtazama mtoto kwa makini.

"Huyu si wangu," alisema. "Huyu ana pua ya kina Tierney. Mlaze hapo kwenye kiti. Wangu atakuja."

Euphrasia akamlaza kwenye kiti, kisha akampa Bibi vidonge vyake vya presha.

Euphrasia alikuwa Mhaya wa Bukoba. Alikuja Marekani na familia ya ofisa mmoja wa ubalozi, kuwalelea watoto. Familia ilipomaliza muda wake ikarudi Dar es Salaam, yeye akabaki. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake, Vaileth, kwa bibi yake mzaa mama. Alimwacha akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na moja anayeongoza darasani. Kwa Bibi Nora alipata kazi ya kushinda naye kuanzia asubuhi hadi jioni, na mtoto wa Bibi, Fintan Devaney, alikuwa ameahidi kumdhamini ili apate makaratasi. Wakili alikuwa ameshaanza kazi hiyo. Makaratasi yakitoka, Vaileth angekuja.

Kesho yake walikuja wengine wawili, ndani ya kapu la nguo chafu. Wiki iliyofuata alikuja mmoja nyuma ya friji, mwingine kwenye droo ya mashuka, na wengine kwenye zulia la sebuleni, mmojammoja, kama wageni wanaowahi msibani. Wengine walikuwa wamefungwa kwenye gunia, wengine kwenye kipande cha sketi, mmoja kwenye gazeti la zamani sana. Kila mmoja alikuwa na uzito wa mkate. Maziwa hawakuyataka. Walipenda mkate uliolowekwa kwenye chai. Hawakulia hata mara moja, na Euphrasia, ambaye alishalea watoto wengi, aliona kwamba hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mtoto anayelia unajua anataka nini.

Asubuhi moja, akimchana Bibi nywele, alimuuliza wanatoka wapi.

"Cloonbrack," alisema Bibi Nora. "Kwetu."

Akamweleza. Cloonbrack kilikuwa kijiji kidogo magharibi ya Ireland, juu ya mteremko, nyumba zake zikiwa zimeupa upepo mgongo, na barabara yake moja ikiishia ziwani. Enzi za babu wa babu yake kilikuwa na watu wengi. Halafu kiangazi kimoja viazi vikaoza ardhini, na kiangazi kilichofuata vikaoza tena, na nyumba nyingi zikaacha kutoa moshi. Mwenye ardhi, ambaye hakuwahi kulala Cloonbrack, alituma watu na boriti wakaangusha mapaa ili walioondoka wasiwe na mahali pa kurudi. Mawe ya nyumba zile yakajenga ukuta wa kufugia kondoo. Yaliyobaki yakajenga kanisa.

"Watu waliobaki wakajifunza kunyamaza," alisema Bibi Nora. "Walionyamaza ndio walioachwa wakae."

Na kulikuwa na konde la Lisheen. Lilikuwa kando ya kijiji, lenye tuta la duara la watu wa kale, na hakuna aliyelilima. Mtoto aliyekufa kabla ya kutiwa maji ya ubatizo hakuruhusiwa kuzikwa kanisani. Padri alisema roho yake inakwenda mahali pasipo na moto wala nuru. Basi baba yake alimbeba chini ya koti baada ya jua kuzama, akaenda naye Lisheen, akachimba, akaweka jiwe lisilo na maandishi, akarudi kwa njia nyingine. Mama hakwenda. Asubuhi hakuna aliyeuliza.

"Kila nyumba ya Cloonbrack ilikuwa na mtoto pale," alisema Bibi Nora, "na hakuna nyumba iliyokuwa na mtoto pale."

Euphrasia aliendelea kuchana. Kwao Kanyigo, nje ya Bukoba, pia kulikuwa na migomba ambayo haikukatwa, na mama yake alipopita hapo alikuwa akigeuza uso. Hakusema hivyo. Aliuliza, "Na wa kwako, Bibi?"

"Wangu alipumua. Kidogo, lakini alipumua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mume. Mama alikimbilia maji ambatize yeye mwenyewe, jambo ambalo linaruhusiwa. Baba akasimama mlangoni. Akasema mtoto asiye na baba hahitaji maji. Akamweka kwenye sanduku la sabuni. Aliporudi alinawa mikono kwenye ndoo, akala viazi vyake. Jumapili watu wote kanisani wakaniuliza kifua changu kinaendeleaje. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba nilikuwa naumwa kifua. Muda si mrefu nikakatiwa tiketi ya meli."

Mtoto wa Bibi Nora alifika mwezi Aprili, siku ya Jumamosi, saa za mchana. Alikuwa kwenye bafu, ndani ya sanduku la sabuni, nywele zake nyekundu kama kutu. Euphrasia alimwogesha, akampeleka. Bibi Nora alimpokea kwa mikono miwili, akamnusa utosi.

"Umechelewa," alimwambia.

Tangu siku hiyo hakumweka chini isipokuwa wakati wa kuoga. Mikono ya Bibi ilipochoka, Euphrasia alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kuendelea na kazi. Mtoto alikuwa na tabia ya kuegemeza shavu kwenye shingo ya anayembeba.

Fintan alikuja kila Jumapili. Alikuwa mtu mzuri katika mambo mengi: alimletea mama yake machungwa, alimbusu kwenye paji la uso, alimtengenezea redio. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza majengo. Miaka miwili nyuma, kaka wa Bibi Nora aliyekuwa amebaki Cloonbrack alifariki bila mke wala mtoto, na ardhi yake ikamwangukia Bibi, pamoja na konde la Lisheen. Ireland siku hizo ilikuwa na fedha kama haijawahi kuwa nazo. Kampuni moja ilitaka konde lile lijengwe nyumba za watu wa mjini kuja kupumzika wakati wa kiangazi. Kilichokosekana ni sahihi ya Bibi Nora.

Jumapili moja alipofika, watoto walikuwa wamejaa sebuleni. Fintan aliwaruka kwa uangalifu, akamsogeza mmoja kwa ubavu wa kiatu ili apate mahali pa kuweka mkoba wake.

"Mama, wanunuzi hawatasubiri," alisema.

"Wahamishe kwanza," alisema Bibi Nora. "Wachimbueni kwa adabu, wazikwe kanisani karibu na baba na mama, ndani ya ukuta. Nitatia sahihi siku hiyohiyo."

"Nimempigia simu padri wa kule. Anasema makaburi yamejaa."

"Yamejaa nini? Kijiji hakina watu."

"Na anasema hajui lolote kuhusu watoto. Hakuna anayejua. Hakuna mtu wa kuhamishwa, Mama."

Mtoto mmoja alikuwa ameshika kamba ya kiatu chake na kuivuta. Fintan aliinama, akaitoa taratibu kwenye vile vidole, akaifunga upya.

"Mwangalie huyo uliyemgusa," alisema Bibi Nora. "Halafu uniambie tena."

Fintan hakumwangalia. Aliangalia saa.

Alipokuwa akiondoka alimwomba Euphrasia amsindikize hadi kwenye gari. Kulikuwa na jua. Jirani alikuwa akikata majani.

"Ijumaa atakuja daktari kumpima mama akili," alisema Fintan. "Akionekana hawezi kujiamulia, mahakama itaniruhusu nimsimamie mambo yake. Daktari atakuuliza swali moja na wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeshinda naye. Utamwambia unachokijua."

"Ninachokijua ni kipi?"

"Kwamba nyumba hii ina mzee mmoja na mfanyakazi mmoja."

Euphrasia aliikaza kanga kifuani. Mtoto wa Bibi Nora alikuwa mgongoni kwake, anacheza na hereni yake.

"Wakili anasubiri neno langu tu kuhusu faili lako," alisema Fintan. Hakupandisha sauti. "Binti yako anaitwa nani vile?"

"Vaileth."

"Jina zuri. Ningependa Vaileth awe shuleni hapa haraka iwezekanavyo."

Akaingia kwenye gari, akarudi nyuma polepole, akiangalia vioo vyote, maana watoto wawili walikuwa wametambaa hadi barabarani.

Euphrasia aliishi karibu na kituo cha treni cha Twinbrook, kwenye vyumba viwili alivyokodi pamoja na Mahfudha, mwanamke wa Zanzibar aliyefanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja ya Bethesda. Jioni ile Mahfudha alipika wali na mchuzi wa samaki wa kopo. Walikula mezani, dirisha likiwa wazi, na Euphrasia alimweleza yote.

"Shoga, mbona mimi sioni tatizo la swali lenyewe," alisema Mahfudha. "Watoto wapo ama hawapo?"

"Wapo. Leo nimewaogesha wote."

"Basi wapo."

"Nikisema wapo, makaratasi hakuna. Nitaanza upya kubeba maboksi, na sijui nitampata nani mwingine wa kunidhamini. Vaileth nimemwacha mdogo, Mahfudha. Sasa nikipiga simu ananiambia 'Shikamoo mama' kama anamwamkia mwalimu mkuu. Halafu ananyamaza. Anasubiri niulize swali lingine."

Mahfudha alimega kipande cha samaki, akakiweka kwenye sahani ya mwenzake.

"Kwetu mtoto akipumua tu, huoshwa, husaliwa, watu wakenda kumzika mchana kweupe," alisema. "Na husemwa kuwa siku ya siku atamvuta mamake kwa kitovu mpaka amwingize peponi. Yeye ndo anomuombea mkubwa. Sasa hao wenu walimtupa nje yule wa kuwaombea?"

"Kwetu pia tulifanya hivyo. Siyo wazungu tu."

"Mie sikwambii sema hivi wala sema vile." Mahfudha alinyanyuka kukusanya vyombo. "Mwenye mtoto wa kukosa ni wewe. Ila usije ukaniuliza baadaye kama ulifanya sawa, kwani n'takujibu."

Ijumaa daktari alikuja kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Euphrasia aliwaondoa watoto watatu kwenye kochi ili apate kukaa. Daktari alisema ahsante. Fintan alisimama dirishani, akiwa amewapa mgongo, akitazama bustani.

Daktari alimuuliza Bibi Nora siku, mwezi na mwaka. Alijibu. Alimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja kwa kutoa saba saba. Alihesabu hadi daktari akamwambia inatosha. Alimuuliza kama anajua ana mali gani, na Bibi akamtajia nyumba, akiba ya benki, shamba la Cloonbrack na mipaka yake yote minne, na bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, ambayo alisema ni wizi. Mtoto mmoja aliichukua kalamu ya daktari iliyokuwa kwenye mkono wa kochi. Daktari akanyoosha mkono, akaichukua polepole.

"Mwanao anasema unaona watoto humu ndani," alisema.

"Na wewe je?" aliuliza Bibi Nora. "Unawaona?"

"Bibi Devaney, siyo mimi ninayepimwa."

"Nimekuuliza swali jepesi."

Daktari alitabasamu kwa huruma, akaandika kitu. Kisha akageuka kwenye kiti chake hadi akamkabili Euphrasia, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mtoto wa Bibi Nora mgongoni.

"Nisaidie wewe," alisema. "Unashinda hapa kila siku. Je, katika nyumba hii kuna mtoto yeyote?"

Friji ilikuwa inanguruma. Fintan hakugeuka, lakini mabega yake yaliacha kutikisika kwa pumzi. Watoto waliokuwa wakitambaa walitulia, mmoja baada ya mwingine, kama kuku wanapopitiwa na kivuli cha mwewe. Bibi Nora hakumtazama Euphrasia. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, iliyolala juu ya blanketi, kana kwamba hataki kumshawishi. Euphrasia alisikia pumzi ya mtoto shingoni, ndogo, ya uvuguvugu, ikiingia na kutoka. Alifikiria ile sauti ya simu, laini inayovuma, mtoto wake akisubiri aulizwe swali lingine.

"Hapana," alisema Euphrasia. "Hakuna mtoto."

Daktari aliandika hilo pia. Alifunga mkoba wake, akampa Bibi mkono, akampa Fintan mkono. Alipofika mlangoni, Euphrasia akiwa amemshikia koti, aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Mfunike kichwa huyo. Nje kuna upepo."

Walipobaki wawili, Bibi Nora aliomba chai. Euphrasia aliileta, akamwekea karibu.

"Bibi, nisamehe."

"Una binti," alisema Bibi Nora. "Kila mtu Cloonbrack alikuwa na sababu nzuri. Mama alimwogopa baba. Baba aliwaogopa majirani, majirani wakamwogopa padri. Padri naye alikuwa na askofu wake. Hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja pale. Ndivyo kijiji kinavyodumu."

Alikunywa chai yake yote. Mtoto aliifungua kanga mwenyewe, akashuka mgongoni mwa Euphrasia akishikilia sketi yake, akatambaa hadi miguuni pa Bibi. Tangu siku ile hakukubali tena kufungwa mgongoni. Akibebwa, alijisukuma mbali kwa mikono yake miwili, bila hasira, mpaka awekwe chini.

Mahakama haikuchukua muda kumkabidhi Fintan mambo ya mama yake. Bibi Nora alihamishiwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, mahali pasafi penye maua mezani na harufu ya supu. Siku ya kuhama alikataa kuingia kwenye gari bila sanduku la sabuni, wauguzi wakamchoma sindano, akaingia. Baada ya hapo alipewa vidonge vya kumtuliza asubuhi na jioni. Euphrasia aliambiwa abaki kwenye nyumba hadi iuzwe, asafishe na kufungua mlango kwa wanunuzi. Aliendelea kuwalowekea watoto mkate.

Kule Ireland matingatinga yaliingia Lisheen mwezi Julai. Fintan alikuja mwenyewe kumweleza Euphrasia habari zake, na kwa kuwa viti vyote vilikuwa na watoto alikaa kwenye ngazi. Mkandarasi alikuwa amempigia simu. Siku ya kwanza ya kuchimba, wazee wa kijiji walikuja wakasimama kando ya ukuta, kofia mikononi, wanawake nyuma yao, hakuna aliyesema kitu. Tingatinga likachimba toka asubuhi mpaka jioni, likalipindua konde lote. Halikukuta mfupa hata mmoja. Hapakuwa na kipande cha gunia wala ubao wa sanduku. Ulikuwa udongo mweusi mtupu, safi, kama ambao haujawahi kuguswa. Wazee wakatazamana, wakavaa kofia zao, wakaenda kunywa, na inasemekana jioni ile watu wa Cloonbrack waliimba hadi baa ilipofungwa.

"Unaona?" alisema Fintan. Sura yake ilikuwa imepata amani, na kwa mara ya kwanza alifanana na mama yake. "Hakukuwa na mtu. Miaka yote hii mama amejitesa bure. Hakukuwa na mtu yeyote pale."

Mtoto mwenye pua ya kina Tierney alikuwa amejishikiza kwenye goti la suruali yake ili asimame. Fintan alimshika mkono asianguke mpaka alipomaliza kuzungumza.

Padri alizibariki nyumba mpya. Kwenye lango la kuingilia lilibandikwa bamba la shaba lenye historia ya mahali hapo, linalosema kwamba tangu zama za kale Lisheen limekuwa malisho ya kijani ya watu wa Cloonbrack.

Nyumba ya Rockville iliuzwa kwa mume na mke vijana. Walipokuja kuikagua walipenda jikoni, wakapenda bustani, wakauliza kama watoto wanauzwa pamoja na nyumba. Dalali alisema hapana, nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu. Basi Euphrasia aliwahamisha kwa basi la Rockville Pike, akiwapanga kwenye vikapu vya nguo, safari baada ya safari. Safari ya kwanza alitaka kuwalipia nauli. Dereva aliangalia ndani ya vikapu.

"Walio chini ya miaka mitano hawalipi," alisema, akasubiri hadi Euphrasia akae ndipo akaondoa basi.

Abiria walisogea. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alichukua kikapu kimoja mapajani bila kuombwa, akakishikilia mpaka Twinbrook, akashuka naye kumsaidia.

Mahfudha alisimama mlangoni akiwatazama wanavyoingizwa.

"Wana majina?"

"Hawana. Hawakubatizwa."

"Mtoto hakai bila jina. Ndo maana hawalii. Watalia waitwe nani?" Akaketi chini, akaanza. Alitumia kwanza majina ya kwao: Wazir, Nahla, Abdulsamad. Yalipomwishia akatumia ya wenzake wa kazini: Kipkemboi, Genoveva, Solomon, Serah. Kila mmoja alimwita jina lake sikioni mara moja, kisha akampitisha kwa Euphrasia. Hakuna aliyelia, lakini kadhaa walianza kugeuza kichwa walipoitwa. Alipofika kwa mwenye nywele nyekundu, Euphrasia alimzuia.

"Huyo mwache. Ana mama, yupo hai."

Mahfudha akamwacha.

Makaratasi ya Euphrasia yalitoka mwaka uliofuata. Fintan alitimiza ahadi yake yote, na kwa heshima. Alimpa hata pesa ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Vaileth alitoka mlangoni pale Dulles akiwa mrefu kuliko mama yake, amevaa sweta jipya la bluu, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Euphrasia akamkumbatia, na mtoto akasimama wima ndani ya mikono yake, kwa utii, mpaka alipoachiwa. Nyumbani aliwatazama watoto waliojaa sakafuni, akavua viatu asije akawakanyaga, akauliza yupi analala kwenye kitanda chake.

Jumapili moja ya Mei, baada ya misa, Euphrasia alimchukua mtoto mwenye nywele nyekundu kwenda kumwona Bibi Nora. Alimweka kwenye kikapu kwa kuwa hakutaka kubebwa. Mapokezi waliandika majina yao, wakamkumbusha kwamba mtoto asiachwe peke yake kwenye korido.

Bibi Nora alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha kubwa, nywele zimechanwa upande usio wake. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimsalimia Euphrasia kwa adabu sana, kama mtu anayesalimia mgeni wa jirani. Euphrasia alimtoa mtoto kikapuni, akamweka mapajani mwake. Mtoto hakujisukuma. Alitulia, akaegemeza shavu kwenye shingo ya Bibi, akafumba macho.

Bibi Nora alimpapasa nywele.

"Mtoto mzuri," alisema. "Wa nani?"

"Wako, Bibi."

Bibi Nora alitabasamu, kama unavyomtabasamia mtu aliyekosea mlango.

"Mimi nina mmoja tu. Anaitwa Fintan. Anafanya kazi ya majengo."

"Bibi, mwangalie. Ni yule wa Cloonbrack."

"Cloonbrack," alisema Bibi Nora. Alifikiri. "Nilikuwa naumwa kifua, Cloonbrack. Ndiyo maana nikaletwa huku."

Muuguzi alipita na toroli, akawapa vikombe viwili vya juisi na kimoja kidogo cha mtoto. Bibi Nora alimshikilia mtoto kikombe mpaka akamaliza, akamfuta kidevu kwa ncha ya kidole, kwa ustadi, bila haraka. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Nje ya dirisha watu walikuwa wakiegesha magari, wakishuka na maua. Hatimaye Bibi alimnyanyua mtoto kwa mikono miwili, akamnyooshea Euphrasia.

"Mrudishe kwa mama yake," alisema. "Atakuwa anamtafuta."

Euphrasia alisema sawa, akampokea.